Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Wazazi wengi huhesabu meno ya mtoto. Jino la kwanza likichomoza habari hupelekwa mtaa mzima, na siku asimamapo dede mama humwita jirani aje ashuhudie. Ni furaha ya halali, wala sina neno juu yake. Lakini yako mambo mengine yasiyoonekana kama jino lionekanavyo, nayo ni makubwa kuliko jino: ya kwamba mtoto akiitwa hugeuka, ya kwamba akiona ndege juu ya paa humwonyesha mamake kwa kidole, ya kwamba akicheka humtazama mwenziwe usoni apate kujua kama naye amecheka. Haya hatuyahesabu, kwa kuwa huwajia watoto wengi pasipo kufundishwa, na kitu kijacho pasipo kufundishwa hakuna akingojaye. Ndiyo sababu kisipokuja hatutambui.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Mombasa, nami sina elimu kubwa zaidi ya Kurani na darasa za msingi. Mambo ya utabibu nitakayoyataja nimeyapata kwa kuuliza wenye kuyajua na kwa kusomewa na vijana wangu. Lakini lile la kwanza sikusomewa na mtu, nalitaja kwa kuwa nililitenda mwenyewe.

Mwaka wa 2009 aliletwa kwangu mvulana wa miaka mitano. Mamake alikuwa mwanamke mwenye haya, akaniambia, "Maalim, mwanangu huyu hanisikizi. Nakukabidhi." Nami nikamjibu kama tujibuvyo walimu, "Mwache hapa, dada, atanyooka." Mtoto yule hakukaa mkekani. Alikwenda mlangoni penye viatu vya wenziwe, akavipanga kwa mstari tangu kilicho kidogo hata kilicho kikubwa, na mtoto mmoja alipochukua chake ili aende msalani, yule mvulana alipiga kelele utadhani ameungua. Watoto walipopaza sauti kusoma kwa pamoja aliziba masikio na kujipinda. Nilimwita jina lake mara tano, mara sita, hakugeuka. Nikadhani ni kiburi. Siku ya tatu nikamchapa.

Wiki mbili baadaye jambo likatokea ambalo lingalinifungua macho lau ningekuwa na macho. Yule mtoto, ambaye hajapata kuomba hata maji kwa kinywa chake, alikuwa peke yake pembeni akizungusha kifuniko cha sufuria. Mara nikasikia anasoma sura tuliyokuwa tukiisoma juma lile, tangu mwanzo hata mwisho, kwa sauti yangu mimi, na pale nilipokuwa nimekohoa naye akakohoa. Badala ya kustaajabu nikakasirika. Nikasema, kumbe aweza kusema, ni kwamba hataki! Nikamwambia mamake hivyo, na nikaongeza neno ambalo laiti ningalilimeza: ya kwamba kama si kudekezwa, basi mtoto ana shetani, atafutiwe mtu.

Akatafutiwa. Yule mama alizunguka na mwanawe kwa waganga muda wa miaka minne. Makombe yakanywewa, hirizi zikafungwa, mbuzi wakachinjwa, na bangili zake alizopewa siku ya arusi zikauzwa moja baada ya moja. Mtoto alikuwa na miaka tisa muuguzi mmoja alipomwambia kwa mara ya kwanza jina la lile alilo nalo. Nilipokwenda kumtaka radhi mama huyo, alinijibu kwa upole, "Ulikuwa hujui, Maalim." Ni kweli sikujua. Lakini miaka ile minne, ambayo ndiyo iliyokuwa ya thamani, haikurudi.

Jina lenyewe ni tawahudi. Ndugu zetu wa Tanzania husema usonji. Waliosoma Kiarabu watalitambua neno hilo la kwanza, kwani asili yake ni upweke, mtu kuwa na nafsi yake. Si maradhi ya kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu tumboni, hata mambo mawili yakawa na taabu kwake: kuwasiliana na watu, na kustahimili mabadiliko. Wako wenye tawahudi wasiosema neno maisha yao yote, na wako waliosoma hata vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa nayo. Basi mwalimu yeyote mwenye chuo cha watoto mia mbili ana haja ya kujiuliza.

Aliyeieleza hali hii kwa urefu katika maandishi ya tiba ni daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1943. Alieleza habari za watoto 11, wanane wavulana na watatu wasichana. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alizaliwa mwaka wa 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Nilipohadithiwa habari zake nilishika kichwa. Alikuwa hapendi kitu kama kuzungusha vifuniko na masufuria, na alipokuwa wa miaka miwili alikwisha kuhifadhi sehemu ya Zaburi pamoja na maswali na majibu 25 ya mafundisho ya dini ya wazazi wake, ilhali hakuweza kuzungumza na mtu. Ni yule yule mtoto wangu wa mkekani!

Hapa nawaomba wazazi wa Kiislamu mnisikilize vizuri, kwa kuwa jambo hili latudanganya sisi kuliko watu wengi. Mtoto wa miaka mitatu akisoma Alhamdu yote, nyumba nzima hujaa furaha, na babu hutoa zawadi. Nani atafikiri kwamba ana upungufu wa maneno? Lakini jiulize: je, mtoto huyo aweza kukwambia "nipe maji"? Ukimwuliza, "Wataka ndizi?" hujibu, au hurudisha tu maneno yako, "Wataka ndizi"? Kuhifadhi ni kipawa kutoka kwa Mwenyezi Mungu, wala si dalili ya ubaya. Bali kuhifadhi si kuzungumza, na mtoto aweza kuwa na kimoja pasipo kuwa na kingine.

Sasa dalili. Nazitaja kwa umri, lakini msizifanye sheria ya mizani, kwani watoto hawalingani.

Mtoto wa miezi sita aghalabu hutabasamu akitabasamiwa. Karibu na kutimiza mwaka hubwabwaja ba-ba, da-da. Hupunga mkono akiagwa. Hunyosha mikono apate kuchukuliwa. Na akiitwa jina lake hugeuka. Akitimiza mwaka asifanye lolote katika hayo, wakati wa kuuliza umefika. Akifika miezi 16 pasipo neno hata moja, au miaka miwili pasipo kuunga maneno mawili yaliyo yake mwenyewe, kama "mama maji" au "baba njoo", pia yafaa apimwe.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni kidole. Mtoto wa mwaka na nusu huonyesha vitu kwa kidole, wala si kwa sababu avitaka. Aona ng'ombe njiani, amnyoshea kidole, kisha akugeukia wewe. Hataki kupewa ng'ombe. Ataka nawe umwone. Mtoto mwenye tawahudi mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka kitu humshika mamake mkono na kuuweka juu ya kabati, kana kwamba mkono ule ni ufunguo, wala hamtazami mwenye mkono. Katika umri huo huo watoto hujitia wanapika kwa vifuu na mchanga, humlaza mwanasesere na kumfunika. Mwenye tawahudi aghalabu hajifanyi kupika. Gari la kuchezea hulipindua na kuzungusha gurudumu lake saa nzima, ama hupanga vitu mstari, na ukikiondoa kimoja nyumba haikaliki.

Ziko na dalili za hisia. Mtoto huziba masikio kwa sauti ambayo wenziwe hawaijali, kama kipaza sauti cha msikitini au mashine ya kinyozi. Mwingine havumilii kofia kichwani wala kanzu yenye mshono unaokwaruza. Mwingine hula wali mweupe tu, na mchuzi ukigusa ukingo wa sahani hali tena. Mwingine huanguka akachubuka goti, asilie. Wako wanaopigapiga mikono kama mbawa, wanaotembea kwa ncha za vidole, wanaoitazama feni ikizunguka hata uwapitishie mkono mbele ya macho wasikujali. Moja katika hayo peke yake si kitu. Watoto wote wana vioja vyao. Yakikusanyika pamoja na kutoitika na kutoonyesha, hapo ndipo pa kuangalia.

Na dalili iliyo nzito kuliko zote ni mtoto kupoteza alichokuwa nacho. Alikuwa akisema "baba" na "dada", akipunga mkono, kisha katika mwaka wake wa pili yale maneno yakazimika moja moja kama taa. Hapo usingoje hata mwezi, hata akiwa wa umri gani.

Kwa mabinti nina neno la peke yake. Wanaotambuliwa zaidi ni wavulana, lakini haikosi kwamba wasichana wengi hupitwa. Mvulana asiyesema na mtu twasema ana kiburi, msichana asiyesema na mtu twamsifu, twasema, "Tazama binti huyu alivyo na haya!" Naye pengine amekaa vile si kwa haya, bali hajui aingieje katika mazungumzo, akawatazama wenziwe na kuiga watendavyo. Haya ni sifa njema, lakini mwenye haya hukimbilia kwa mamake akajificha nyuma ya buibui lake na kuchungulia. Asiyechungulia kamwe, huyo mwulizieni.

Mwaka wa 2021 jambo hili liliingia nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa na mwana wa miezi 17. Jioni moja aliniambia, "Baba, mtoto huyu hanioni." Sikumwelewa. Akaketi nyuma ya mtoto akamwita kwa jina, mara mbili, mara tatu. Mtoto akaendelea kupanga vifuniko vya chupa. Kisha binti yangu akaenda jikoni akaikwaruza karatasi ya biskuti, na mtoto akageuka papo hapo. Masikio alikuwa nayo. Mke wangu akasema, kama bibi wote wasemavyo, "Wanaume huchelewa. Hata babako hakusema mpaka miaka mitatu." Huenda ni kweli. Lakini mimi macho yangu yalikuwa juu ya vile vifuniko, navyo vilikuwa vimepangwa tangu kilicho kidogo hata kilicho kikubwa.

Kliniki ya kwanza tulikwenda tukaambiwa tungoje atimize miaka mitatu. Binti yangu alipotaka kutii, nilikataa. Nilikuwa nimekwisha kumngojesha mtoto wa mtu mwingine. Tukaenda mahali pengine, wakampima kwanza masikio kwa vyombo, nalo ndilo jambo la kuanza nalo, kwani uziwi nao humfanya mtoto asiitike, na ile karatasi ya biskuti si kipimo cha kutosha. Kisha binti yangu akaulizwa maswali 20, ya ndiyo na siyo, yaliyowekwa kwa watoto wa miezi 16 hata 30: je, huonyesha kwa kidole, je, ukionyesha kitu hukitazama, je, hukuletea vitu uvione? Maswali yale hayakati hukumu. Huonyesha tu nani apelekwe mbele. Baadaye mtaalamu alikaa na mtoto sakafuni kwa siku kadhaa, akicheza naye na kuandika. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotambua tawahudi. Mwenye kukuuzia kipimo hicho akuibia. Mtoto wetu alipewa jina la hali yake kabla hajatimiza miaka miwili na nusu.

Siku ile binti yangu alilia, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nimemfanya nini?" Nataka kila mama ajue jawabu, kwa kuwa wanawake wamedhulumiwa sana katika jambo hili, wala si huku kwetu tu. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wakubwa wa Marekani waliandika kwamba tawahudi yaletwa na mama asiye na mapenzi, mwenye moyo wa barafu. Mama wangapi walihukumiwa kwa maneno yale! Yalikuwa uongo, na yameachwa. Mwaka wa 1998 jarida la tiba la Lancet, la London, lilichapisha maandishi juu ya watoto 12 yaliyowafanya watu waihofu chanjo ya surua. Watafiti walipochunguza mamia ya maelfu ya watoto hawakuona uhusiano wowote, na mwaka wa 2010 jarida lenyewe likayafuta maandishi yale, na daktari aliyeyaandika akaondolewa katika orodha ya matabibu. Surua bado yaua watoto. Mchanjeni mtoto.

Yanayojulikana ni kwamba urithi una sehemu kubwa. Nyumba yenye mtoto mmoja wa tawahudi, mdogo wake azaliwaye ana nafasi karibu moja katika tano ya kuwa nayo, basi aangaliwe mapema. Kusemeshwa lugha mbili, kama watoto wetu wasikiavyo Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, hakuleti tawahudi, wala haifai kumnyima mtoto lugha ya bibi yake kwa sababu hiyo. Ama simu, haileti hali hii. Lakini mtoto ambaye ana haja ya kusemeshwa mara elfu kwa siku, ukimpa simu akae nayo, umemfungia mlango aliokuwa akihangaika kuufungua.

Na habari ya majini? Watafiti wa Kilifi waliowauliza wazazi wa pwani yetu, na kuchapisha habari zao mwaka wa 2015, walikuta wengi wakitaja pepo, uchawi na laana. Sisemi kwamba majini hawako; ni katika itikadi yetu. Nasema kwamba mimi, mwenye kufundisha Kurani, sikupewa ilimu ya kutazama mtoto asiyesema nikajua kuwa ni jini. Msomee mwanao, umwombee dua usiku na mchana. Hilo halimzuii mtu kwenda kwa tabibu. Lakini kumpiga mtoto ili jini atoke, kumfukiza moshi hata akakosa pumzi, kumfunga kamba, haya ni dhuluma kwa asiyeweza kushitaki. Nazo nchi za ng'ambo zina waganga wao: wako waliouza maji yenye dawa ya kupaushia nguo wakisema ni tiba ya tawahudi. Tiba ya kuiondoa haipo, na ayeahidi asiaminiwe.

Lipo ambalo lafaa, nalo ni kazi ya kila siku. Tuliambiwa tushuke chini sakafuni. Binti yangu hukaa alipokaa mtoto, akipanga vifuniko naye hupanga, kisha humpa kimoja akangoja. Hamwambii maneno mengi. Hutaja kile mtoto anachokitazama, "maji", "paka", "feni". Akitaka maji, kikombe huwekwa anapokiona ila hakifikii, hata atazame au anyoshe mkono, kisha hupewa papo hapo. Miezi minane ilipita hatukuona kitu. Mwezi wa tisa alisema "ma". Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya namna hii kwa wazazi na walezi, kwa ajili ya nchi zenye wataalamu wachache, na aliye na watoto wenye kujua intaneti na awaombe wamtafutie. Hapa Kenya serikali ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, vilivyoanza mwaka wa 1984. Mzazi aulize katika ofisi ya elimu ya mahali pake. Kwa walio Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ina matabibu wa watoto wa kuanza nao.

Jambo moja halingoji kipimo. Watoto hawa hutoroka, nao hupenda maji. Sisi twakaa pwani, tuna visima na bahari. Komeo la mlango liwe juu asipofikia, kisima kifunikwe, na majirani wote waambiwe, hata muuza kahawa wa pembeni, ili akionekana peke yake ashikwe mkono arudishwe. Kuficha mtoto kwa aibu huweza kumuua.

Chuoni kwangu nimebadili mambo machache. Mjukuu wangu sasa yuko darasani, na wako wengine wawili. Wana mkeka wao karibu na mlango, mbali na sauti kubwa, na tukitaka kusoma kwa pamoja nawaambia kwanza ili wajiandae, na mmoja hutoka nje mpaka tumalize. Simwiti mtoto kwa mbali. Nakwenda mbele yake nikainama. Bakora niliiondoa, kwa watoto wote. Wanafunzi wengine walicheka juma la kwanza, kisha wakazoea, na sasa wakigombana ni juu ya nani atapanga viatu naye.

Na mzazi akija kuandikisha mtoto simwulizi tena amehifadhi sura ngapi. Namwuliza, "Mwanao akiona kitu cha ajabu, hukuonyesha?" Wengi hucheka, wakasema hawapumziki kwa kuonyeshwa. Lakini juzi mama mmoja alinyamaza. Mwanawe ana miezi ishirini, alikuja naye mgongoni kwa ajili ya kumwandikisha kaka yake. Nimempa jina la kituo na siku wanayofungua, na binti yangu amesema atakwenda naye.